Nilichagua kwa Macho, Mama Akatembea kwa Miguu

Kigae nilichokipenda kilikuwa cha rangi ya mchanga, chenye michirizi iliyoiga mbao, na kilikuwa kinang'aa. Nilikishika mkononi, nikakigeuzageuza kwenye mwanga, nikampigia picha mke wangu, naye akajibu kwa neno moja: "Hicho." Hivyo ndivyo tulivyochagua sakafu ya kibaraza cha nyuma ya nyumba, pamoja na kijia kinachotoka hapo hadi getini. Dakika kumi, labda kumi na mbili. Viatu vya harusi yangu nilivijaribu kwa muda mrefu zaidi, na hivyo nilivivaa siku moja.

Vigae vilipotandikwa vilipendeza kweli, sitaki kudanganya. Mgeni mmoja alivua viatu kabla ya kutoka nje, akidhani bado yuko sebuleni. Tulicheka. Ingefaa nishtuke.

Mama anaishi nasi. Wakati huo alikuwa bado hatumii mkongojo. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, alitoka kuanika taulo lake. Mimi nilikuwa dirishani napiga mswaki. Niliuona mguu wake wa kulia ukitangulia peke yake, mwili ukibaki nyuma, mkono ukiruka kutafuta cha kushika. Kwa bahati palikuwa na nguzo. Aliikumbatia, akabaki amejikunja nusu, taulo limeanguka kwenye maji. Nilipomfikia alikuwa anahema, kiwiko kimechubuka, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Mwanangu, nani kamwaga sabuni hapa?"

Hakuna aliyemwaga sabuni. Ni maji tu.

Kiwiko kilipona kwa wiki moja. Kilichobaki ni kwamba tangu siku hiyo Mama hakukanyaga tena pale pakiwa pamelowa, na baada ya muda hakupakanyaga hata pakiwa pakavu. Akitaka kwenda getini alizunguka kwenye nyasi, akishika ukuta. Nilikuwa nimemjengea mahali pa kupunga upepo, nikawa nimemfungia mlango.

Nikarudi kulitazama boksi moja la vigae lililobaki stoo. Ubavuni paliandikwa R9. Siku ya kununua niliiona alama hiyo nikafurahi; nilidhani ni tisa juu ya kumi. Kumbe kipimo chenyewe huanzia 9 na kuishia 13, na 9 ndiyo ngazi ya chini kabisa. Hupatikana kwa kumtembeza mtu mwenye viatu vya kazi juu ya ubao wa sakafu uliopakwa mafuta, ubao ukiinuliwa kidogo kidogo mpaka ateleze. Sakafu ya R9 humshinda mtu ubao ukiwa umeinuka nyuzi 6 hadi 10 tu. Ya R11 hufika nyuzi 19 hadi 27. Kwa mahali panaponyeshewa, wanaojua kazi hii huanzia R11. Kuna na kipimo kingine, cha bembea yenye kipande cha mpira inayokwaruza sakafu iliyolowa, na huko alama 36 kwenda juu ndiyo huhesabiwa kuwa hatari ya kuteleza ni ndogo. Mimi sikuwa na bembea wala ubao. Nilikuwa na Mama.

Sababu yenyewe si ngumu. Kigae kinachong'aa kimepakwa tabaka la kioo linalochomwa tanuruni, nalo huziba kila kitundu. Maji hayana pa kuingia wala pa kukimbilia, kwa hiyo hubaki kama utando kati ya unyayo na sakafu, na mguu unakanyaga maji badala ya kukanyaga kigae. Ongeza vumbi laini la siku mbili tatu, unapata uji. Sakafu yenye mikwaruzo au chembe chembe huwa na vilele vidogo vinavyoutoboa utando huo, ngozi au soli ikapata pa kushika. Ndiyo maana kigae kile kile kilichonidanganya kikiwa kikavu mkononi kingesema ukweli wote kama ningekimwagia nusu kikombe cha maji palepale na kupitisha kidole. Sikufanya hivyo. Sijui ni nani huenda kununua vigae akiwa na chupa ya maji, lakini sasa mimi ni mmoja wao, na wauzaji hunitazama vibaya.

Kuteleza kulikuwa kosa moja tu. Fundi niliyemwita alikuwa fundi wa ndani, na kazi yake ya ndani ni safi hadi leo. Nje aliifanya vilevile: pima maji ikalala, kiputo kikakaa katikati kabisa, akaniita nishuhudie. Nikampongeza. Sakafu ya nje iliyolala sawasawa ni bwawa lisilo na kina. Inatakiwa iinamie upande wa mbali na nyumba, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kiasi ambacho jicho halikioni na glasi juu ya meza haimwagiki, lakini maji hukijua. Kwetu maji yalisimama mpaka jua liyakaushe, yakiacha ramani za vumbi.

Kisha vigae vikaanza kulia. Ukipita na kiatu kigumu unasikia mlio mzima, mlio mzima, halafu mlio wa debe tupu. Baadaye, tulipovibandua, niliona kwa nini: chini ya kila kigae palikuwa na mabonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, na kati ya mabonge hapana kitu. Ndani ya nyumba ungeishi nayo hiyo. Nje, kila uwazi ni kikombe cha maji, na kila mguu wa kiti unaotua juu ya uwazi ni nyundo. Viwili vilipasuka hivyo. Na kando ya ukuta haikuachwa nafasi yoyote ya vigae kutanuka vikipata joto, kwa hiyo mchana mmoja wa jua kali tukasikia mlio kama wa mlango kubamizwa. Mstari mzima ulikuwa umeinuka, vigae viwili vikiegemeana kama hema.

Lakini kosa lililonigharimu zaidi sikuliona nje. Nililiona chumbani. Rangi ya ukuta, chini karibu na sakafu, ilianza kufura na kubanduka. Tulikuwa tumevitandika vigae juu ya sakafu ya zamani bila kuchimba chochote, hivyo usawa wa nje ukapanda hadi karibu kulifikia tabaka la kuzuia unyevu lililo ndani ya ukuta. Uso wa nje unapaswa kubaki chini ya tabaka hilo kwa sentimita 15 hivi, ili mvua inayodunda chini isirukie juu yake. Nilikuwa nimeupandisha uwanja mpaka maji yakapata ngazi ya kuingilia nyumbani.

Kabla sijakubali kushindwa nilijaribu mikeka ya plastiki yenye matundu. Chini yake pakaota ukijani ndani ya mwezi mmoja. Nisiseme zaidi.

Kijia ndicho tulichoking'oa kwanza, na hapo nikafanya ujinga wa pili, ambao angalau ulikuwa wa bei nafuu. Nilimwaga mawe ya mtoni, yale ya mviringo, laini, ya rangi rangi. Nilimwaga mengi, kina cha sentimita 10, kwa kuamini kwamba kikiwa kingi ndiyo kizuri. Kutembea juu yake ilikuwa kama kutembea juu ya gololi. Kufikia wakati huo goti la Mama lilikuwa limeanza kumsumbua, ana mkongojo, na mkongojo ulizama hadi robo. Toroli likikwama, halisogei mbele wala nyuma. Watoto waliyapenda sana mawe yale, na kioo cha dirisha la jirani kinaweza kutoa ushahidi.

Nilichokuwa sijui kilijulikana zamani mno. Mskoti John Loudon McAdam, aliyefariki mwaka 1836, alijenga barabara zake kwa mawe yaliyovunjwa, yenye pembe kali, na akasisitiza kwamba jiwe moja lisizidi wakia 6, yaani kama gramu 170. Mawe yenye pembe yakikanyagwa hubanana, pembe ya hili ikiingia ubavuni mwa lile, na kadiri yanavyokanyagwa ndivyo yanavyokaza. Jiwe la mviringo halina pembe ya kumshika mwenzake. Kila hatua linaanza safari upya. Kwa hiyo anayetaka njia ya kokoto atafute zilizopondwa, za milimita 10 hadi 20, atandaze sentimita 4 au 5 tu juu ya msingi ulioshindiliwa, na chini yake aweke kile kitambaa kigumu kinachopitisha maji. Bila kitambaa, kokoto huzama kwenye udongo na udongo hupanda juu, na baada ya misimu miwili unajiuliza mawe yamekwenda wapi. Yangu yalikwenda huko.

Nisizitukane kokoto, hata hivyo. Zina mambo mawili ambayo uso mwingine wowote nilioujaribu haunayo. Maji ya mvua hupita moja kwa moja hadi ardhini, na mtu hawezi kukunyemelea usiku. Chini ya mti wetu mkubwa bado ziko, za pembe safari hii, kwa sababu mizizi huinua chochote kigumu unachokiweka juu yake, lakini kokoto ikiinuliwa unaipitishia reki tu.

Katikati ya hayo yote kuna zege. Ubavuni mwa nyumba tulihitaji ukanda wa mita 9 kwa 1, wa kupitishia mapipa ya taka. Shemeji yangu alikuja Jumamosi, tukachanganya wenyewe. Mchanganyiko ulikuwa mzito kusukuma, tukaongeza maji. Ukawa bado mzito kidogo, tukaongeza tena. "Sasa unateleza vizuri, shemeji," akasema, na kweli ukateleza. Maji ya ziada hayana kazi kwenye zege; saruji huchukua yanayoitosha, yaliyobaki hutoka taratibu na kuacha vitundu, na zege likaja kuwa dhaifu na kusinyaa zaidi. Kisha tukaliacha juani. Nilidhani zege hukauka kama nguo. Halikauki, linakomaa: saruji inaungana na maji, na ikinyimwa maji mapema kazi inasimama njiani. Lilitakiwa lifunikwe na kumwagiliwa kwa siku 7 angalau. Nguvu yake hupimwa ikifika siku ya 28, si kesho yake. Sisi kesho yake tulipitisha mapipa.

Lilipasuka mahali pawili, karibu mita 3 na mita 6, kana kwamba mtu kapima kwa futi. Hilo nalo lina maelezo. Zege lazima lisinyae, na likisinyaa lazima lipasuke. Uhuru wako ni kuchagua wapi. Mafundi hulichora mistari mapema, yenye kina cha robo ya unene, ili ufa uje ndani ya mstari na usionekane. Kwa unene wa sentimita 10, mistari hukaa kila mita 2.5 hadi 3, na ukanda ukiwa mwembamba kama ule wetu, karibu zaidi. Sisi hatukulichora, likajikata lenyewe. Ukanda bado upo na unafanya kazi. Jambo moja tu tulilopatia ni kwamba, kabla halijashika, shemeji alilipitishia ufagio mgumu kwa mapana. Mikwaruzo hiyo haitelezi hata mvua ikinyesha. Mtu aliyenyimwa fedha za kitu kingine asidharau zege lililopigwa ufagio. Lenye maji kidogo, lililofunikwa wiki nzima na kuchorwa mistari, ni uso wa heshima.

Fundi wa tatu, ukituhesabu mimi na shemeji kama wa pili, alikuwa kijana aliyetoka kwenye kazi za barabara. Aliniita mzee, ingawa mimi si mzee kiasi hicho. Alinikuta nimepanga sampuli sita juu ya meza. Hakuzitazama. Aliomba mpira wa maji.

Alifungulia maji karibu na mlango, akasimama mikono nyuma, akayaangalia yanakwenda wapi. Yalikwenda ukutani. Kisha akachimba shimo la kufika gotini, akachukua udongo, akaulowesha, akauviringisha viganjani mpaka ukawa kama uzi mrefu usiokatika. "Mfinyanzi," akasema. Akalijaza shimo maji, akaondoka. Jioni aliporudi maji yalikuwa bado yamo, yameshuka kidogo tu.

"Mzee, chochote utakachochagua kitalala juu ya hiki. Hiki kikilowa kinavimba, kikikauka kinasinyaa. Ukikiacha kama kilivyo, hata ukitandika chuma kitakukunjia."

"Basi unashauri nini? Hivi vitofali au mawe?"

"Nani anapita hapa?"

Nilimjibu kwa haraka, watu wa nyumbani. Hakuridhika. Alitaka kujua wamevaa nini, wanasukuma nini, gari litafika wapi, nani hutoka usiku. Mama alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza, akamjibu yeye: "Ni mimi, mwanangu. Pekupeku asubuhi, na hili fimbo." Yule kijana akamwamkia upya, akamwomba atembee hatua chache. Halafu akapima kijia changu. Kilikuwa na upana wa sentimita 70. Kiti cha magurudumu kinahitaji 90 kwa uchache, na mtu anayetembea ameshikwa mkono na mwenzake anahitaji kama 120. Nilikuwa nimejenga njia ya paka.

Tulibishana juu ya mambo mengi yeye na mimi, lakini sampuli tulikubaliana zikae nje mwezi mzima, chini, sehemu ya jua na ya mvua, zikanyagwe. Huo ndio mwezi niliojifunza zaidi kuliko miaka iliyotangulia, kwa hiyo niuseme kwa kirefu kidogo.

Jiwe bapa jeusi ndilo lilikuwa zuri kuliko yote. Saa saba mchana nilisimama juu yake pekupeku nikahesabu. Nilifika nne nikaruka. Rangi nyeusi hunywa jua, na jiwe zito hulitunza hadi jioni. Sampuli hiyohiyo ilianza pia kumenyeka pembeni, tabaka kwa tabaka, kama kurasa za daftari lililolowa. Si mawe yote ya aina hiyo hufanya hivyo, lakini lile nililopewa lilifanya, na ningelilipia.

Jiwe la chokaa, jeupe, halikuwa na joto. Nilidondoshea siki, likatoa povu. Jiwe lolote lenye chokaa huliwa na asidi, maana yake tunda likidondoka au mtu akisafisha kwa dawa kali ya choo linabaki na doa lisilotoka, kwa sababu si doa, ni kovu. Jiwe la mchanga nililidondoshea maji nikatazama saa: tone liliingia ndani kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Kinachonywa maji hunywa na mafuta, na kivulini huota ukijani. Graniti iliyokwaruzwa ilifaulu kila kitu. Haikunywa, haikutoa povu, haikuteleza. Ilishindwa kwenye mfuko wangu tu.

Mke wangu alitaka mbao. Hoja zake zilikuwa nzuri: mguu unazipenda, na ni nyepesi. Lakini uwanja wetu uko chini, na mbao zinataka hewa ipite chini yake na nafasi ya milimita 5 hivi kati ya moja na nyingine, la sivyo zinaoza kwa chini huku juu zikicheka. Tungelazimika kuzipandisha, na tayari nimesema yaliyoupata ukuta wangu nilipopandisha uwanja.

Vilibaki vitofali vya zege, vile ambavyo wengine huviita kabro na wengine pevingi. Sikuvipenda. Vilinikumbusha vituo vya mafuta. Kilichonigeuza ni swali la fundi: "Bomba la chini likipasuka, utafanyaje?" Zege utalivunja, vigae utavivunja, na kiraka kitaonekana milele. Vitofali unavichomoa, unatengeneza, unavirudisha vilevile. Na juu ya udongo unaovimba na kusinyaa, uso uliogawanyika vipande mia kadhaa hujikunja bila kupasuka, kwa kuwa tayari umepasuka kwa mpango. Uholanzi, ambako walikuwa wametandika barabara kwa matofali ya kuchoma kwa karne nyingi, walivigeukia hivi vya zege baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati matofali yalipohitajika kujengea nyumba zilizobomolewa. Vya milimita 60 vinawatosha watu na gari dogo, vya 80 ni kwa magari mazito. Tulichukua vya 60, vya rangi ya kijivu iliyopauka, uso wenye chembe, bila kung'aa hata kidogo. Mke wangu alivitazama akasema, "Sawa." Tofauti ya "Hicho" na "Sawa" niliisikia.

Kazi yenyewe ilichukua siku nyingi chini kuliko juu. Tulichimba sentimita 20, tukatandika kitambaa, tukamwaga kokoto zilizopondwa zenye unga wake, kwa tabaka mbili, kila tabaka likishindiliwa kwa mashine kabla ya lingine. Niliuliza kwa nini tusimwage zote tukashindilia mara moja. Alinipa mashine nijaribu: juu pakawa pagumu kama meza, akachimba kwa mwiko, chini bado palikuwa laini. Mashine ndogo haifiki mbali. Tukachimbua, tukarudia. Juu ya kokoto ukaja mchanga mkavu wa sentimita 3, uliosawazishwa kwa ubao juu ya mabomba mawili, haukanyagwi tena. Hapo mteremko ulikuwa umeshawekwa toka chini kabisa, sentimita 2 kwa mita, kwa uzi, kwenda upande wa mti. Watu hudhani mchanga ndio wa kurekebishia mabonde. Ukiongeza mchanga pale palipobonyea, baada ya mwaka bonde linarudi, kwani mchanga mnene hushuka zaidi.

Mpangilio ulikuwa wa mifupa ya samaki. Nilitaka mistari iliyonyooka, ina utulivu zaidi machoni, lakini karibu na geti gari hugeuka, na gurudumu likigeuka hukisukuma kitofali ubavuni. Katika mistari iliyonyooka msukumo husafiri wote kwa mkondo mmoja. Katika mifupa ya samaki kila kitofali kinakutana na ubavu wa mwenzake. Mwishoni mchanga laini mkavu ulifagiliwa ndani ya nafasi, mashine ikapita, ukafagiliwa tena. Mchanga huo ndio gundi. Bila huo, vitofali ni vitofali tu vimelala karibu.

Na mimi, baada ya kujifunza hayo yote, nikamshinda fundi hoja moja. Kila upande alitaka kuweka ukingo wa zege. Upande wa maua nikakataa. Nilitaka majani yaguse vitofali bila kizuizi, nilikuwa nimeona picha. Alinitazama, akasema, "Ni kwako, mzee," akaweka ukingo pande tatu. Kufikia mvua za pili, vitofali vya upande ule vilikuwa vimeanza kutawanyika kuelekea maua, nafasi kati yake zikapanuka hadi kidole kikaingia, mchanga ukatoka, sisimizi wakahamia. Nilimpigia simu. Hakusema nilikwambia. Alisema atakuja Alhamisi.

Kitu kingine kilichonitia hofu kilikuwa ukungu mweupe uliojitokeza juu ya vitofali miezi ya mwanzo, kama mtu kamwaga unga. Nilifikiri nimeuziwa vibovu. Ni chokaa ya saruji yenyewe, hupanda na unyevu na kukutana na hewa. Hupungua yenyewe kwa mvua na muda, na kuusugua kwa asidi ni kuula uso wa kitofali. Vilevile magugu: yanayoota kati ya vitofali mara nyingi hayatoki chini, ni mbegu za upepo zilizotua kwenye vumbi la juu, kwa hiyo ufagio wa kila wiki unayamaliza kuliko dawa.

Mama alisubiri. Wiki mbili alikuwa anakaa mlangoni anawatazama wengine wakipita. Siku ya mvua ya kwanza alitoka, akavua kandambili, akaweka mguu mmoja chini, akausukuma mbele na nyuma kama mtu anayepangusa kitu. Halafu wa pili. Akaenda hadi getini, katikati ya njia, si ukutani, akarudi.

Lile boksi moja la vigae vya R9 lilibaki stoo muda mrefu. Mwaka jana nilivibandika ukutani, juu ya karo la kufulia, safari hii kwa gundi iliyoenea mgongo mzima. Maji yanavirukia kutwa, unapitisha kitambaa mara moja vinatakata. Mama alivipitishia kiganja, akaniuliza vimetoka wapi vigae vizuri namna hii, na kwa nini sikuvinunua vingi.